Mliojilipua Uingereza (mlioomba ukimbizi, wengine kwa majina ya uongo): mtoto akitimiza miaka 10 msilale (uzi mrefu)

MkalimaniMidlands (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naandika usiku, nimetoka kazini na hasira bado hazijashuka, kwa hiyo nikikwaruza mniwie radhi.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Uingereza, mwaka wa 14 sasa. Kazi yangu ni kukaa katikati ya mwanasheria na mteja, natafsiri, nafunga mdomo, naondoka. Wiki hii nilikaa na mama mmoja wa Tanga (mji nimeubadilisha, msianze kutafuta) pamoja na binti yake. Binti kazaliwa hapa, kasoma hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Kapata nafasi chuo kikuu. Alipokaa kujaza fomu ya mkopo akakutana na swali la uraia, akamgeukia mama yake amsaidie kujibu. Mama akaanza kulia. Ndivyo binti alivyojua.

Ana miaka 18 na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ishikeni, nitairudia.

Wengi wetu tunaamini ukizaliwa Uingereza wewe ni Mwingereza. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu tarehe 1 Januari 1983, Sheria ya Uraia ya 1981 ilipoanza kutumika, mtoto anazaliwa raia ikiwa tu siku ile mama au baba ni raia au ana makazi ya kudumu. Mama akiwa kwenye viza ya masomo, au viza iliisha enzi hizo, au kajilipua na bado anakwenda kusaini kwa watu wa uhamiaji, mtoto anatoka wodini na cheti cha kuzaliwa cha Uingereza na hana uraia wa Uingereza. Hicho cheti ndicho kinachotudanganya. Tunakifungia kwenye bahasha, tunasema mtoto yuko salama.

Sasa sikilizeni. Sheria hiyo hiyo ina kifungu cha 1(4). Mtoto aliyezaliwa hapa na kuishi hapa miaka yake 10 ya kwanza, bila kukaa nje zaidi ya siku 90 katika kila mwaka wa hiyo miaka, ana HAKI ya kusajiliwa kuwa raia. Haombi huruma ya mtu. Karatasi za mama haziulizwi. Mama anaweza kuwa hana stei (ruhusa ya kukaa), hana pasipoti, hana chochote, na mwanawe akasajiliwa. Fomu yenyewe inaitwa Fomu T.

Yule binti alitimiza 10 miaka minane iliyopita. Hakuna barua iliyokuja nyumbani kumwambia mama yake kwamba leo mwanao ana haki hii, maana hakuna utaratibu wa kutuma barua kama hiyo. Shuleni hawajui, au wanajua wanadhani si kazi yao. Na mama, hata angeambiwa, angewezaje kupeleka jina la mwanawe na anwani ya nyumba kwa watu wale wale anaowakwepa tangu mtoto hajazaliwa? Kwa hiyo haki ilikuwepo miaka minane yote, imekaa tu.

Na ile miezi miwili: kuna msamaha wa ada kwa watoto ambao familia zao hazina uwezo. Unawahusu walio chini ya miaka 18. Angekuja kabla ya hiyo miezi miwili angeomba asilipe. Leo haki ya kusajiliwa bado anayo, maana kifungu hiki hakimfungi hata akiwa mtu mzima, lakini analipa ada ya mtu mzima, zaidi ya paundi elfu moja, na mama yake anasafisha ofisi alfajiri kwa pesa ya mkononi.

Nilitafsiri hiyo sentensi ya ada kwa sauti yangu mwenyewe. Ndiyo hasira yenyewe.

Angalizo: mimi si mwanasheria. Hapa kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Nawapa habari ili mjue cha kuuliza. Tafuteni wakili au shirika lililosajiliwa, na muwaogope vishoka wa misikitini na makanisani wanaojiita "mtu wa makaratasi".

---

MbebaBoksiMstaafu

Naweka kambi hapa. Wajuvi waje.

---

Mzalendo255

Dada samahani, nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania, popote azaliwapo. Pasipoti ya Tanzania ipo. Vyuo vikuu vipo, Mlimani ipo, Udom ipo. Huyo binti arudi nyumbani asome, na mama yake arudi apumzike na hizo alfajiri. Mnang'ang'ania nchi isiyowataka halafu mnalia haki za mtoto. Mama alijilipua mwenyewe, hakulipuliwa na mtu.

---

WakiliMtarajiwa

Mkuu Mzalendo255, hiyo hoja yako ilishafika mahakamani, na mwenye kesi alikuwa Mtanzania mwenzetu.

Inaitwa ZH (Tanzania), ya mwaka 2011. Kila wakili wa uhamiaji hapa anaitaja mpaka jina la nchi yetu limekuwa kama jina la kanuni. Mama alifika Desemba 1995 akiwa na miaka 20. Aliomba hifadhi mara tatu, mara mbili kwa utambulisho wa uongo, na mara zote akagonga mwamba. Katikati ya hayo akazaa na raia wa Uingereza watoto wawili, binti 1998 na mvulana 2001. Wazazi wakaachana 2005, lakini baba akawa anakuja kukaa na wanawe kila mwezi. Serikali ikataka kumwondoa mama. Majaji wa ngazi za chini walisema karibu maneno yako: watoto bado wadogo, watazoea Tanzania.

Tarehe 1 Februari 2011 Mahakama ya Juu ikatengua. Mtu asije akadhani walimsafisha mama. Historia yake ya uhamiaji ilielezwa kuwa mbaya kupindukia, na hakuna aliyemtetea kwenye hilo. Walichosema ni kwamba lazima uanze kwa kuuliza maslahi ya mtoto ni yapi, ndipo uyaweke kwenye mizani na mambo mengine, na usimhukumu mtoto kwa alichofanya mzazi wake. Jaji Hale aliandika kuhusu watoto hao wa miaka 12 na 9: ni raia, wameishi hapo maisha yao yote, shule yao ipo hapo, baba yao yupo hapo. Wakipelekwa kwingine wanaweza kurudi wakiwa watu wazima, ndiyo, lakini utoto wao katika nchi yao na lugha yao utakuwa umepita. Akaongeza kwamba watoto wenyewe wasikilizwe, kwa kuwa si kila mara wanataka anachotaka mama.

Uingereza iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, lakini ikajiwekea kipengele cha kujitoa kwenye mambo ya uhamiaji na uraia. Yaani mtoto ana haki zote, ila akifika kwenye dirisha la viza tunamgeuza kuwa faili. Kipengele hicho waliking'oa mwaka 2008, na sheria ya 2009, kifungu cha 55, ikawalazimisha Home Office (wizara ya mambo ya ndani) kuzingatia ustawi wa mtoto katika kila wanachofanya. Bila hivyo viwili sidhani kesi ya ZH ingeisha vile.

---

Mzalendo255

Nimekusoma mkuu. Ila hao wa ZH walikuwa raia tayari. Huyu wa mleta uzi si raia. Tofauti hiyo mbona umeiruka?

---

MkalimaniMidlands

Hajairuka, wewe ndiye umeiweka mahali pake, asante. Mtoto yule yule, mtaa ule ule, shule ile ile. Mmoja ana karatasi ya uraia na mahakama inasema "hii ni nchi yake". Mwingine ana haki ya karatasi hiyo ila hakuna aliyeijaza, naye anaambiwa atazoea Tanzania. Kinachowatofautisha ni fomu tu. Ndiyo maana sipigi kelele za siasa hapa, napiga kelele za fomu.

Na kuna jambo ambalo kina mama hawalijui: mtoto akiwa raia, au hata akiwa si raia lakini ameishi hapa miaka 7, mamlaka zinapotaka kumwondoa mama lazima zijibu swali kama ni haki kumtaka mtoto huyo aondoke naye. Mama anajificha akidhani anamkinga mtoto. Mara nyingi karatasi za mtoto ndizo zingemkinga yeye.

Siwezi kumwapia mtu kwamba hakuna hatari. Ukipeleka fomu umepeleka anwani. Kila nyumba ina mambo yake, ndiyo maana nasema wakili kwanza.

---

BintiWaNg'ambo

Nimesoma huu uzi mara mbili kabla ya kujiandikisha. Mimi ndiye mtoto mwenyewe mnayemzungumza.

Mama yangu ni wa Unguja. Alijilipua kama Msomali miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa hiyo mimi nimezaliwa na jina la ukoo ambalo si la mtu yeyote ninayemjua. Nyumbani naitwa jina moja, shuleni lingine. Mwalimu akiita jina langu nilikuwa nachelewa kuitika, wakadhani nina tatizo la masikio, nikapelekwa kupimwa! Mama alinifundisha maneno manane ya Kisomali "ikitokea mtu akauliza". Hakuna aliyeuliza.

Darasa la nane kulikuwa na safari ya siku mbili Ufaransa. Kila mtoto alete pasipoti. Mama akaniambia siku hiyo tumbo litaniuma. Na kweli liliuma.

Nilisajiliwa nikiwa na miaka 15 kwa sababu jirani wa Kinigeria alimfokea mama jikoni kwetu. Shangazi yule alikuwa amewasajili wanawe wawili. Alimwambia, "Wewe unaogopa serikali, mtoto ataogopa nini? Yeye hakudanganya mtu." Sikuelewa wakati ule uzito wa hayo maneno. Karatasi ilipokuja mama aliifunika kwa plastiki kama picha ya harusi.

Mzalendo255, unasema pasipoti ya Tanzania ipo. Nilijaribu pia. Ofisi niliyokwenda waliniuliza cheti cha kuzaliwa cha mama. Kipo, kina jina lake la kweli. Cheti changu kina jina lake la uongo. Kwa karatasi, yule mama wa Unguja hajawahi kuzaa. Si kwamba nataka mnihurumie, maisha yangu mazuri. Nasema tu "arudi nyumbani" ni rahisi kuandika.

---

MbebaBoksiMstaafu

Dah. "Kwa karatasi yule mama hajawahi kuzaa." Mimi nilijilipua 1999 kama mtu wa nchi jirani, siitaji. Nilikuwa na miaka 24, nikaona ujanja. Hakuna aliyeniambia kwamba jina la uongo linarithiwa.

---

WakiliMtarajiwa

Pole dada, na asante kwa kuandika.

Kwa walio kwenye hali ya majina mawili: kifungu cha 1(4) kinauliza mtoto kazaliwa wapi na kaishi wapi. Lakini usipeleke fomu yenye jina la uongo ukinyamaza, na usibadilishe kimyakimya. Mwambie wakili ukweli wote, atajua namna ya kuueleza. Uongo wa mzazi ni wa mzazi. Ukiurudia leo kwenye fomu ya mtoto umeufanya mpya.

Niseme pia habari ya ada, maana watu wanafikiri msamaha wake ulishuka kama mvua tu. Mwaka 2018 ada ya kumsajili mtoto ilikuwa paundi 1,012. Gharama ya kushughulikia ombi moja, kwa hesabu ya Home Office wenyewe, ilikuwa paundi 372. Inayobaki ilikuwa faida ya kuendeshea mambo mengine ya uhamiaji. Sajid Javid alipokuwa waziri wa mambo ya ndani aliulizwa na wabunge, akakiri ni pesa nyingi mno kumdai mtoto. Ada ikabaki palepale.

Kuna shirika dogo hapa, PRCBC, kazi yake ni moja tu, kusajili watoto kuwa raia. Likaenda mahakamani pamoja na watoto wawili, mmoja anajulikana kwa herufi O, binti aliyezaliwa hapa 2007. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema ada ilipangwa bila kuangalia maslahi ya watoto, kwa hiyo si halali. Mahakama ya Rufaa ikakubali Februari 2021. Tukashangilia. Hoja nyingine, kwamba waziri hana mamlaka kabisa ya kupanga ada kubwa hivyo, ikaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 2 Februari 2022 ikaanguka: Bunge ndilo lililompa waziri mamlaka hayo, mwenye malalamiko akalalamike bungeni. Lakini lile la maslahi ya mtoto lilisimama, na serikali ikalazimika kuipitia ada upya. Matokeo ndiyo msamaha ulioanza Juni 2022 kwa familia zisizomudu, na watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri hawalipi kabisa. Ada yenyewe haikushuka. Oktoba 2023 ilipanda mpaka 1,214. Siku unayopeleka angalia ada ya siku hiyo, zinabadilika.

Na kuhusu mkopo wa chuo wa yule binti: kuna kesi ya Tigere ya 2015, msichana kutoka Zambia aliyekuja akiwa na miaka 6, akawa kiranja mkuu wa shule yake kisha akanyimwa mkopo kwa kuwa hana makazi ya kudumu. Akashinda Mahakama ya Juu. Tangu hapo aliyekaa muda mrefu utotoni anaweza kupata mkopo bila kuwa raia, ILA awe ameishi hapa kihalali miaka mitatu kabla ya masomo kuanza. Asiye na karatasi yoyote hiyo haimsaidii. Mwaka huu chuo atakikosa huyo, tusidanganyane.

---

MamaWawiliLeicester

Swali. Mimi nilikuwa viza ya masomo mwanangu alipozaliwa. Alipofika miaka 4 nilimpeleka kwa bibi yake Moshi, akakaa mwaka na nusu, nilikuwa siwezi kulipa chekechea huku na kusoma. Sasa ana 11. Nimeharibu?

---

MkalimaniMidlands

Hapa ndipo penye kilio kimya cha Waswahili. Tunapeleka watoto kwa bibi. Wengine ni kwa sababu ya pesa kama wewe, wengine mtoto amekuwa mjeuri apelekwe akanyooshwe, wengine madrasa. Kwetu ni malezi. Kwa hesabu ya siku 90 ni shimo.

Mwaka na nusu ni nyingi, lakini sheria inampa waziri hiari ya kusamehe siku zilizozidi, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya wakili kuona tarehe. Na kuna njia nyingine. Kama wewe sasa umepata makazi ya kudumu au uraia, mtoto aliyezaliwa hapa akiwa chini ya 18 anasajiliwa kwa kupitia kwako, na hapo hakuna kuhesabu miaka 10. Stei yako ni ipi kwa sasa?

---

MamaWawiliLeicester

Makazi ya kudumu toka mwaka jana.

---

MkalimaniMidlands

Dada yangu, funga simu, piga kwa wakili kesho saa tatu asubuhi.

---

MzeeBirmingham

Ongezeni hili kwa wenye vijana wa kiume. Kuanzia miaka 10 wanaangalia tabia njema ya mtoto. Miaka 10! Ndio umri ambao England mtoto anaweza kushtakiwa. Kijana wa rafiki yangu alikamatwa na kisu akiwa na miaka 14, hakikuwa chake, alikubali onyo la polisi ili aende nyumbani mapema. Hiyo karatasi ya onyo ikamfuata kwenye fomu. Angesajiliwa akiwa na 10 lisingemgusa. Na asiye raia, akihukumiwa akiwa mtu mzima kifungo cha miezi 12 au zaidi, sheria ya 2007 inamweka kwenye njia ya kurudishwa "kwao" moja kwa moja. Kijana hajawahi kupanda ndege, anarudishwaje?

---

MtuWaMpanda

Nawasoma kutoka huku Katavi. Msiseme Wazungu peke yao. Mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Babu alivuka kutoka Burundi 1972. Baba alizaliwa Tanzania, akaoa mtoto wa wakimbizi mwenzake, nikazaliwa mimi, nikaimba "Mungu ibariki Afrika" kila asubuhi kuanzia darasa la kwanza, na karatasi yangu ilisema mkimbizi. Kutoka makazi kwenda mjini tulihitaji kibali. Nilichaguliwa shule ya mbali, sikwenda kwa sababu kibali kilichelewa.

Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kugawiwa kwetu Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watu karibu 162,000. Hilo ni jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimefanya, na nalisema kwa shukrani. Lakini lilichukua miaka 42. Mtoto hana miaka 42 ya kusubiri.

---

Mzalendo255

Ndugu wa Mpanda, hili sikulijua kwa undani huo. Nimekaa kimya.

---

KadzoMombasa

Huku kwetu shida iko Saudia. Dada zetu wanaenda kazi za ndani, anapata mimba, hana cheti cha ndoa. Kule mtoto bila ndoa haandikishwi, na mama anaweza kushtakiwa kwa hiyo mimba yenyewe, basi anazalia chumbani kwa marafiki. Mtoto hana cheti, hana chanjo, hana shule, na hawezi kupanda ndege kurudi na mamake kwa sababu hakuna karatasi inayosema ni wake. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 14 iko wazi, mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya popote alipozaliwa. Haki iko Nairobi, mtoto yuko Jeddah. Naona ni kama hadithi ya mleta uzi tu, ila huko kwenu kuna mawakili.

---

Kipepeo_Muscat

@KadzoMombasa umenena. Fungua uzi wake, usiupoteze humu.

---

JuniorsDad_Slough

Wakuu, kuna moja hamjaligusa. Mtoto akisajiliwa Mwingereza, uraia wetu unakwenda wapi? Baba yangu yuko Songea, ana shamba, anataka mjukuu alijue.

---

WakiliMtarajiwa

Kwa Tanzania, mtoto anaweza kuwa na nchi mbili mpaka miaka 18. Akifika hapo anatakiwa aukane ule wa nje kama anataka kubaki Mtanzania, la sivyo wa kwetu unakwisha. Uraia pacha kwa mtu mzima haupo. Kenya wanaruhusu tangu katiba ya 2010, Uganda pia wanaruhusu. Sisi bado tunabishana. Kwa hiyo ndiyo, nchi moja inamwambia "subiri, hujawa wetu", nyingine inamwambia "ukikubaliwa huko, kwetu utoke". Mtoto huyo huyo.

Shamba la babu ni mada ya wakili wa ardhi, usije ukalimaliza humu. Ila mwanao ana miaka mingapi?

---

JuniorsDad_Slough

17. Anatimiza 18 baada ya wiki tisa. Kazaliwa hapa Slough, hajatoka hata siku moja. Sisi hatuna karatasi mpaka leo. Nimesoma huu uzi kuanzia juu nikiwa kazini, nimejificha stoo.

---

MkalimaniMidlands

Baba Junior. Wiki tisa zinatosha kama utaanza leo. Zikipita hizo, msamaha wa ada umekwenda.

Usitafute pasipoti, haihitajiki kwa hili. Unachotafuta ni ushahidi wa kila mwaka kuanzia kuzaliwa hadi 10. Cheti cha kuzaliwa. Kile kitabu chekundu cha kliniki alichopewa mama wodini, chenye uzito na chanjo, kile ndicho dhahabu kwa miaka ile ya kabla ya shule ambayo watu wengi hawana kitu. Barua ya daktari wenu ikionyesha tarehe alizoonekana. Barua za shule ya msingi, ripoti, vyeti vya kuogelea, chochote chenye jina na tarehe. Shule ziandikieni leo, zinachelewa kujibu.

Kwa msamaha wataangalia mnaishije. Akaunti ya benki hamna, najua. Anayewasaidia kodi aandike barua, kanisa liandike, ndugu aandike, na barua zilingane na ukweli.

Msaada wa kisheria wa serikali kwa mambo haya ulikatwa tangu 2013, umerudishwa kwa watoto walio peke yao tu, kwa hiyo mtoto anayeishi na wazazi haumhusu. Mtafute shirika la bure lililosajiliwa. Nakutumia majina matatu PM. Ukipiga, sentensi ya kwanza iwe "mtoto anatimiza 18 tarehe fulani". Usianze na historia yako.

---

JuniorsDad_Slough

Kitabu chekundu sijui kama tunacho. Tumehama nyumba saba.

---

BintiWaNg'ambo

Muulize mama yake, usijiulize wewe. Wangu alikuwa nacho ndani ya foronya.

---

MbebaBoksiMstaafu

Tupe mrejesho mkuu. Nimebaki kambini.

---

JuniorsDad_Slough

Saa saba usiku. Kipo. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku tulilokuja nalo, kimefungwa kwenye kanga. Ukurasa wa kwanza una uzito, kilo 3.1, na mhuri wa hospitali. Chanjo zote zina tarehe mpaka ya kuanza shule. Mama Junior kanicheka, kasema, "Ulidhani nimekiacha kwenye nyumba gani?" Junior ameamka kwa makelele, anauliza kuna nini. Tumemkalisha mezani, ndio tunaanza kumwambia.